Seli Iliyosomewa Badiri

Zuena aliponisomea badiri nilikuwa jikoni nakaanga vitumbua. Hakunialika, na anayesomewa ataalikwa na nani, lakini nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa makuti tu. Moshi wa ubani ulipenya ukanijia pamoja na sauti za walimu wakiyataja majina ya mashahidi wa vita vya Badiri, jina kwa jina. Nikageuza kitumbua, nikangoja kiive upande wa pili, nikakitoa. Nilijua ni mimi. Kijiji kizima cha Utende kilijua ni mimi.

Kwa asiyeijua badiri, nieleze. Mtu akiibiwa, au akidhuriwa na asiyemjua, huita walimu wakasoma, wakamshitakia Mungu yule aliyefanya, popote alipo. Jina halitajwi. Husemwa tu kwamba aliyefanya hili, limrudie mwenyewe. Watu wetu wanaamini badiri humfuata mtu hata ajichimbie chini ya ardhi, na mimi pia nimeona mambo. Nimeona mwizi wa mashine ya boti akiirudisha mwenyewe mabegani, analia, kwa kusikia tu kwamba watu wameshanunua ubani.

Zuena ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Zahor, Mungu amrehemu. Zahor alimwachia mtoto mmoja, Warda. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo Warda alikuwa wangu pia, na jambo hilo lilimkera mama yake tangu mtoto anajifunza kutembea, maana akianguka alikuwa anakimbilia kwangu. Warda alipotimiza miaka kumi na tisa, siku ya harusi ya jirani, nilimvisha kidani cha dhahabu cha mama yangu. Zuena alikitamani kidani kile tangu aingie kwetu bibi harusi, na mama yangu alikufa hajampa. Nilimvisha Warda mbele yake makusudi. Nilitaka aone, na aliona.

Miezi michache baadaye Warda akatoka uvimbe juu ya mtulinga, pale pale kidani kilipolala. Hauumi. Ukiubonyeza unarudi kama mpira. Zikafuata homa za jioni, na jasho la usiku la kulowesha godoro, na mwili mzima ukawa unamwasha hata akawa anajikuna kwa gunzi la muhindi. Zahanati walisema matezi ya namna ile yana sababu nyingi, wakamwambia mama yake ampeleke Dar akapimwe. Zuena hakwenda Dar. Alikwenda kwa Biubwa.

Biubwa ni shoga yake, na kazi yake kubwa hapa duniani ni kuuliza maswali ambayo majibu anayo. Akamuuliza Zuena, "Shingoni? Hebu kumbuka, shingoni alivishwa nini, na nani?"

Basi. Siku ile ile Zuena alikitia kidani cha mama yangu katika kopo la chumvi, kama mtu anayezima uchawi, akaja akalibwaga barazani kwangu. Ijumaa iliyofuata ndiyo ikasomwa badiri.

Nikaanza kuona maisha ya mtu aliyesomewa. Vitumbua vyangu walikuwa wakivila vijana wa hoteli za pwani, wale wanaowapeleka wageni kuogelea na papa-potwe, na wavuvi, na walinzi wa hifadhi ya bahari. Asubuhi iliyofuata walipita barazani kwangu kama hawanijui. Biubwa, ambaye maisha yake yote hakupika hata uji usiungue, akaweka jiko ng'ambo ya njia na kuanza kukaanga vitumbua vinavyonuka mafuta ya juzi, na watu wakavinunua. Kisimani nilikuwa nikifika wanawake wanafunga ndoo zao. Lakini lililoniunguza zaidi ni macho. Walikuwa wananitazama shingoni. Kila niliyezungumza naye, macho yake yalishuka taratibu mpaka kwenye mtulinga wangu, kuangalia kama uvimbe umeshahamia.

Nikaapa moyoni kwamba Zuena atanilipa. Sikutaka afe, kufa ni rahisi mno. Nilitaka siku moja asimame mbele ya wanawake wale wale, apigwe na neno langu mpaka akose pa kuweka uso. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo, na sikulionea haya.

Kabla sijalipata neno lenyewe, Warda akaja. Mama yake alikuwa amekwenda kisiwa cha Jibondo kwenye msiba. Warda alipenya ua kwa upande, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, amekonda, macho yamemtoka.

"Shangazi," akasema, "nipeleke Dar."

"Mama yako anasema mimi ndiye niliyekuroga."

"Mama anasema mengi. Mimi najua nani ananipenda."

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Tukapanda boti Kilindoni mpaka Nyamisati, upande wa bara, na kutoka hapo basi mpaka Dar, kwa binamu yangu Mbagala. Njia nzima alilala kichwa mapajani kwangu, na mimi nikimpepea kwa ncha ya kanga.

Hospitali wakamkata tezi moja, wakalipeleka maabara. Tulipoitwa kusikiliza majibu, alikuwepo daktari mwanamke, kijana, mwenye subira ya mwalimu wa chekechea. Alitugeuzia kioo cha kompyuta. Kilikuwa kimejaa madoa madogo madogo ya zambarau kama choroko zilizomwagwa, na katikati yake limekaa doa moja kubwa, limenona, lina viini viwili vilivyolingana, na kila kiini kina nukta nyeusi ndani yake. Lilikuwa linatutazama. Sisemi kwa kupamba, lilikuwa na macho.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta," daktari akasema. "Tunaiita seli ya Reed-Sternberg, kwa majina ya madaktari wa zamani walioieleza. Wengine husema ina macho ya bundi."

Warda akanishika mkono. Kwetu bundi akitua kwenye paa, watu humfukuza kwa kijinga cha moto na kuanza kuuliza katumwa na nani. "Nani kaniwekea?" akauliza.

"Hakuna aliyekuwekea," daktari akasema. "Ni yako mwenyewe. Ilikuwa seli nyeupe ya damu, kazi yake kukulinda na maradhi. Ikaharibika, badala ya kufa ikakataa kufa. Hii ni saratani ya matezi. Na tazama, hizi ndogo zote zilizoizunguka hazina ubaya. Sehemu kubwa ya uvimbe wako ni hizi, seli nzima kabisa. Ile moja mbaya ndiyo inayoziita, nazo zinakuja, zinaizunguka, zinailinda."

Mimi nikasema moyoni, huyu namjua, anakaa Utende na shoga yake anaitwa Biubwa.

Daktari akatuambia inatibika. Wengi wanaoanza mapema wanapona kabisa, lakini dripu zifuatane, moja kila wiki mbili, kwa miezi. Akituruhusu kwenda nyumbani katikati, turudi. Mtu akikatiza, ugonjwa hurudi na ukali zaidi, na dawa ile ile huenda isiusikie tena. Alilisema hilo akimtazama Warda, kisha akanitazama mimi, mpaka nikaitikia. Warda akaomba kuipiga picha ile seli kwa simu yake. Nilimwambia anirushie na mimi.

Zuena alipogundua tumeondoka alipiga simu akilia na kutukana kwa pumzi moja. Lakini dripu za mwanzo zilipoingia, uvimbe ukaanza kushuka. Homa ikakatika. Warda akala wali sahani nzima akaomba tena. Nikampigia mama yake kumpa habari, maana sikuwa na roho mbaya kiasi cha kumnyima, na unajua alijibu nini?

"Alhamdulillahi. Badiri inafanya kazi."

Sikuendelea na mtu huyo simuni. Nilikata. Akaweka na picha ya Warda akitabasamu, watu wote wakaiona katika simu zao, na maneno chini yake kwamba Mungu hamwachi mja wake na wabaya watajulikana. Mimi ndiye niliyekuwa nashika beseni mtoto akitapika. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama foleni ya damu tangu alfajiri. Na sifa zote zikaenda kwa ubani.

Hapo ndipo nilipolipata neno langu. Lilikuwa katika simu yangu siku zote, linanitazama kwa macho yake mawili.

Hitima ya kila mwaka ya kumwombea Zahor ilikuwa mwezi ule. Daktari akaturuhusu twende nyumbani siku chache baina ya dripu na dripu. Hitima ya kaka yangu hakuna wa kunialika wala wa kunizuia, kwa hiyo nikavaa buibui langu jipya, nikajitia udi, nikaingia uani kwa Zuena wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka wanasubiri pilau. Warda alikuwa ndani, amejilaza. Mazungumzo yakakatika. Macho yote yakashuka shingoni kwangu, na mimi nikalegeza mtandio ili waone vizuri.

"Tazameni," nikasema. "Hamna kitu. Mnajua kwa nini hamna kitu? Badiri haijaja kwangu. Zuena, uliomba nini siku ile? Aliyefanya hili limrudie, si ndivyo? Basi aliyefanya amepatikana. Nimekuletea picha yake."

Nikampa Biubwa simu kwanza, kwa sababu nilijua haitakaa mkononi kwake. Ikazunguka mkeka mzima. Kila mmoja aliyeitazama alishituka.

"Ana macho ya bundi," akasema mmoja.

"Huyo," nikasema, "ndiye aliyemfanyia Warda. Daktari amemwona kwa darubini. Na mjue hakutoka kwangu, wala kwenye kidani. Ni damu ya Warda mwenyewe, ni nyama yake, amezaliwa nayo, na aliyemzaa ni wewe. Uliita walimu, ukachoma ubani, ukamshitakia Mungu amwangamize. Umemsomea badiri mwanao, Zuena!"

Sijapata kuona uso wa mtu ukibomoka namna ile. Sahani ya pilau aliyokuwa ameishika ikamwagika mapajani kwake, ya moto, wala hakuitikisa. Biubwa, ambaye ana jibu la kila jambo duniani, akaanza kutafuta viatu vyake. Nilichukua simu yangu, nikawaaga kwa adabu, nikaenda zangu nyumbani. Nikapika chai ya tangawizi nikainywa yote. Ilikuwa tamu. Nitakuwa mwongo nikisema haikuwa tamu.

Utamu wenyewe ulidumu mpaka siku ya kuondoka.

Asubuhi ile nilimfuata Warda na mkoba wake. Nilimkuta amekaa kitandani, amevua ushungi, na mto wake wa kulalia umejaa nywele. Zilikuwa zinamtoka kwa mashada, zikimfuata vidole. Daktari alituambia mapema kwamba dawa zile huangusha nywele na kwamba zitaota tena, na Mbagala tulikuwa tumelicheka jambo hilo pamoja.

"Inuka, mwanangu, gari la Kilindoni limefika."

"Siendi, shangazi."

"Kwa nini huendi?"

"Nilisikia ulichosema kwenye hitima." Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. "Badiri haimkosi mtu. Imeshaanza. Nywele ndizo hizi. Wakinitia dawa watakuwa wanaisaidia tu iniue haraka. Kama ni kufa, nife kwenye kitanda changu."

"Nywele ni dawa! Daktari alikwambia!"

"Daktari hajui badiri. Wewe unaijua. Wewe ndiye uliyesema."

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, hajaoga tangu hitima. Hakunitukana hata. Aliniangalia kama ng'ombe aliyefungwa anavyoangalia. Nikambembeleza Warda, nikamfokea, nikampigia daktari simu akazungumza naye, Warda akamsikiliza kwa heshima na kusema asante, akalala akaelekea ukutani. Gari likaondoka.

Wiki ile nikampigia daktari tena. Akasema, "Mama, siku zinakwenda. Akikosa na inayofuata sijui nitakwambia nini." Nilipomgusa Warda shingoni, pale palipokuwa pamelainika, palikuwa na kitu. Kidogo, lakini kilikuwepo, na kilikirudisha kidole changu kama mpira.

Nikaenda kwa Mwalimu Muhidini, aliyeisoma badiri yenyewe. Ni mtu mpole, na nilikwenda kwake nimejaa hasira za kumwaga, ila nilimkuta anazo zake. Alisema ameshakwenda mara mbili kuwaambia kwamba badiri haimuui asiye na kosa.

"Wamenijibu seli ina kosa, na seli ni yake," akasema. "Nifanyeje? Mtu akishaamini amehukumiwa, humwondolei kwa maneno."

"Ifute hiyo badiri."

"Dua si chaki, Bi Thuwaiba. Desturi ya wazee ni moja tu. Aliyefanya akijitokeza mwenyewe akakiri, akamwomba radhi aliyedhuriwa, na huyo akamsamehe, yameisha, haimtafuti mtu tena." Kisha akanitazama na kuinua mkono haraka. "Sikukwambia ufanye lolote. Usije ukasema nimekwambia."

Nilirudi kwa miguu, njia ndefu ya minazini, nikimtukana Zuena kila hatua. Nilimtukana mpaka maneno yakaniishia nikaanza upya. Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimelisafisha jina langu mbele ya watu, vijana wa hoteli walikuwa wameanza kunisalimu tena, mmoja alinunua vitumbua jana yake. Nilimwangusha yule mwanamke akaanguka. Na sasa niende nikamwinue kwa mikono yangu, na yeye akiinuka anikanyage. Nilifika nyumbani sijakubali. Nilikubali nilipomsikia Warda anakohoa ng'ambo ya ua.

Nilimwita Biubwa aje uani kwa Zuena, kwa sababu jambo likipita kwa Biubwa hakuna atakayesema hakulisikia. Nikamwita na Mwalimu Muhidini, akaja shingo upande. Warda wakamtoa uani wakamkalisha kwenye kiti, amefunikwa shuka. Nikasimama mbele yao.

"Niliwadanganya siku ya hitima," nikasema. "Ni mimi."

Zuena akainua kichwa.

"Kidani nilikitia dawa. Ulikuwa unakiona kila siku, Zuena, na nilijua ukikikosa wewe utafurahi akipewa mwanao, kwa hiyo nikakupitia hapo. Nilitaka ulie. Umelia au hukulia?"

Ajabu ni jinsi maneno yalivyokuja kwa urahisi. Chuki ilikuwa ya kweli, uongo niliupachika juu yake tu.

Biubwa akajikohoza. "Mbona daktari aliiona seli? Mbona ulisema ni damu yake?"

"Daktari aliiona seli. Aliyeituma alimwona? Macho yale si mliyatazama wenyewe? Bundi ni wa nani, Biubwa, ni wa daktari? Seli ya mtoto ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeigeuza. Badiri haikusomwa juu ya Warda. Ilisomwa juu yangu, na inanitafuta mimi."

Sikula kiapo. Uongo nilisema, lakini Mungu sikumshika shahidi, na Mwalimu Muhidini hakuniambia niape. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Shangazi?" Warda akasema.

Nilimwangalia shingoni, sikuweza kwenda juu zaidi ya hapo. "Nisamehe, Warda. Wewe ndiwe uliyedhuriwa. Na mama yako."

Zuena aliinuka akanitemea mate. Yalinipata shavuni, sikuyafuta. Kisha akaniinulia mkono, na Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asipotamka msamaha, kukiri kwangu hakuna faida. Alisimama pale mkono umeinuka, na mimi nikangoja. Nisingeondoka hapo bila kitu.

"Nimekusamehe," akasema, kama mtu anayetapika.

"Sikusikia."

"Nimekusamehe!"

"Taja jina. Badiri ijue ni nani."

"Nimekusamehe wewe Thuwaiba." Machozi ya hasira yalikuwa yanamshuka, na moyo wangu, nao una makosa yake, ulipata tone la asali.

Wakamgeukia Warda. Aliniangalia muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu, lakini niliubana uso wangu, nikaufanya uso wa mtu mbaya, na nadhani niliuweza. Akasema amenisamehe, kwa adabu, kama alivyomwambia daktari asante. Kisha akainuka kwenye kiti mwenyewe, ameshika shuka lake, akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

Asubuhi iliyofuata walipanda gari la Kilindoni, yeye na Zuena. Mkoba wa beseni na kanga za kubadilisha niliuweka mlangoni kwao, na niliukuta hapo hapo jioni, umemwagiwa chumvi.

Habari zote nilizipata kwa Biubwa, ambaye hazungumzi nami lakini huzungumza kwa sauti. Dripu zimerudi. Uvimbe umekwisha. Dripu zimemalizika, na mashine ya picha imempitia mwili mzima, hana kitu. Madaktari wenyewe wamepigwa na butwaa, alisema Biubwa, kwa nguvu ya badiri. Sikutoka nje kumsahihisha. Nilikaa jikoni nikauma ncha ya kanga yangu, nikalia kwa furaha na kwa ghadhabu, sikuweza kuzitenga.

Sasa vitumbua nakaanga viwili, vyangu mwenyewe. Bado wananitazama shingoni, maana msamaha wa Zuena wanaujua ulivyotoka. Zuena sijamsamehe. Akipita nikiwa barazani namkazia macho mpaka ajikwae, na nitaendelea mpaka mmoja wetu abebwe kwenye jeneza.

Warda amerudi Utende wiki iliyopita. Nilikutana naye njia ya pwani, asubuhi, yuko peke yake. Amenenepa. Nywele zimeota fupi, nyeusi, zinachungulia kwenye ukingo wa ushungi, na shingo iko wazi, laini, haina alama ila kovu dogo walipokata. Aliponiona alisimama. Kisha akahamia upande wa pili wa njia, akashika ncha ya ushungi wake, na nikamsikia anasoma Ayatul Kursiyu, haraka haraka, mpaka aliponipita.

Hakunipa shikamoo. Alishapita nyumba tatu nilipoiitikia.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.